Vipimo Vinane Vitupu

3 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo ya pili inatoka kwa mume wangu. Alitaka niiandike kwa herufi kubwa, nikamwambia karatasi haitatosha. Sisi ni wazima kabisa. Natumaini nawe u mzima na mgongo umekuachia kidogo. Mama ameniandikia kwamba goti lake limepona, na kwamba hujapita kumsalimia tangu siku ya harusi yangu. Mjomba! Ni mitaa miwili tu, na huyo ni dada yako.

Sasa nikuambie. Nimeolewa! Najua ulikuwepo, ulisimama nyuma kabisa na koti lako la kahawia, lakini kila asubuhi nikiamka najipa habari hiyo upya, kama mtu aliyeokota kitu njiani akawa hachoki kukichungulia mfukoni. Tuna chumba ghorofa ya pili, juu ya fundi viatu. Mchana kutwa anagonga misumari huko chini, na mimi mwanafunzi wako nimeshamhesabu: anagonga mara tatu, anapumzika mara moja. Tuna viti viwili na meza ambayo mume wangu ameiunga mwenyewe kwa chuma. Hata tembo akiikalia haitalalamika. Wenzake kazini wanamwita Cheche kwa sababu anachomelea vyuma vya daraja jipya, nami nimelipenda jina hilo nimeliiba. Anapiga mluzi tangu anapofumbua macho. Akicheka, chumba kinaongezeka upana, nakuapia. Daraja liko mbali, safari ya siku nzima kwa basi, kwa hiyo anakaa huko wiki mbili au tatu, kisha anarudi kwa siku mbili. Lakini siku mbili zenyewe! Siendelei, utaona haya, nami nitaona haya.

Nimepata kazi chuo cha ualimu. Napiga piano wanachuo wakijifunza kuimba.

Na hapo ndipo linapokuja suala la zawadi yako. Miaka arobaini umenakili muziki wa watu wengine kwa ajili ya bendi, kila noti mahali pake, na hujawahi kutunga hata mstari mmoja wako. Wa kwanza unanipa mimi, siku ya harusi yangu, kurasa nne ndani ya bahasha! Mkuu wa chuo, mama mmoja mkali, alinisikia nikiufanyia mazoezi, akasema lazima niupige kwenye mahafali tarehe 29 Juni, mbele ya wazazi wote. Jina lako litaandikwa kwenye ratiba: mtunzi.

Ila ukurasa wa tatu una vipimo vinane vitupu. Mistari mitano ipo, mistari ya kugawa vipimo kila baada ya mapigo manne ipo, noti hakuna hata moja. Nadhani haraka za harusi zilikuchanganya. Nitumie hizo noti, Mjomba. Mimi siwezi kubuni, wewe mwenyewe ulinigonga vidole kwa rula nilipoongeza noti moja tu nikiwa na miaka tisa. Kilichoandikwa ndicho kinachopigwa. Si ndivyo ulivyosema?

Wako uliyemlea, mke wa mtu sasa lakini bado mdogo vilevile,
Nukta


8 Machi

Nukta,

Marahaba, yako na ya mumeo. Mgongo ni uleule. Paa la jikoni limeanza kuvuja, nimetega ndoo. Nilipita kwa mama yako nikakuta mlango umefungwa. Bendi imepata mashine ya kuchapa noti, kwa hiyo siku hizi napumzika nyumbani.

Umeandika kwamba fundi viatu anagonga mara tatu na kupumzika mara moja. Hayo ni mapigo manne. Usisahau kuhesabu kimya.

Kuhusu zile kurasa: sikuwa na haraka, na sikusahau kitu. Piga kama ilivyo.

Jiko letu unalikumbuka? Ulikuwa ukifanyia kazi zako za shule pale, kwenye kigoda, karibu na marehemu mke wangu, shangazi yako, mimi nikiwa chumba cha piano. Unakumbuka nini cha pale? Ukipata nafasi niandikie.

Hakikisha madirisha ya ukumbi yanafungwa mvua ikinyesha. Piano haipendi unyevu.

Mjomba wako


2 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako imefika ikiwa nyembamba kama wewe, nikaipindua nyuma nione kama umeficha noti zangu huko. Wapi! Mama anasema hakutoka nyumbani mwezi mzima, sasa sijui ni mlango wa nani uliokuta umefungwa.

Mimi mzima. Cheche yuko darajani, leo ni wiki ya tatu. Ameniandikia mistari sita, nimeisoma mpaka karatasi imelainika kama kitambaa. Anasema akiwa juu ya vyuma anaona mto chini ni mwembamba kama uzi, na kwamba ananifikiria. Mistari sita, na mmoja wote ni wa kunifikiria! Jioni naweka vikombe viwili mezani kwa mazoea, kisha nakirudisha kimoja. Usidhani nina upweke. Nasema tu jinsi chumba kilivyo.

Ukumbi wa chuo unafagiwa na mama mmoja ambaye wote tunamwita Mama Funguo, kwa sababu ya kicha cha funguo anachovaa kiunoni. Juzi alisimama na ufagio wake akaniambia:

"Bibi harusi, wimbo wako una tundu."

"Si tundu, Mama. Ni vipimo ambavyo mtunzi hajavileta."

"Mtunzi yuko wapi?"

"Mbali."

"Basi lishone mwenyewe. Au vidole navyo vimeolewa, vinasubiri ruhusa ya mume?"

Nilicheka, lakini iliniingia. Yeye huimba wimbo mmoja kila siku akifagia, na kila siku unatoka tofauti. Leo anaupandisha pale alipoushusha jana. Nilimwambia, "Mama, jana hukuimba hivyo." Akanijibu, "Jana nilikuwa nafagia upande ule."

Jiko nalikumbuka vizuri. Nakumbuka moshi, kigoda chenye mguu mmoja mfupi, Shangazi akinipa viazi nimenye, na wewe ukipaza sauti kutoka chumba cha piano: "Sivyo!" Mbona unauliza? Unataka kulipaka rangi?

Nitumie vipimo vyangu, tafadhali. Mahafali hayangoji.

Nukta wako


21 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Ni wiki saba sasa sijaona mwandiko wako. Mama anasema taa yako huwaka, kwa hiyo upo.

Cheche alikuja Ijumaa. Mjomba, alishuka kwenye basi na vumbi mpaka kwenye kope, amenibebea ua moja limekaa kwenye chupa ya maji siku nzima, na chupa ameishika mkononi njia yote, hata dereva alimcheka! Nilimpeleka ukumbini asikie wimbo wako. Alikaa mstari wa mbele, mikono magotini, kama mgeni rasmi. Nilipofika kwenye vipimo vitupu niliinua mikono ili nihesabu, na yeye akaanza kupiga mluzi. Alipajaza pale pote. Alipanda juu kabisa, akakaa huko kidogo, kisha akateremka akanikabidhi ukurasa wa nne taratibu, kama mtu anayepokeza kikombe cha chai kilichojaa.

"Sivyo!" nilimwambia. "Huo ni wimbo wa Mjomba, usiuguse."

"Nilidhani umeniachia nafasi."

"Nafasi gani? Umeona imeandikwa wapi?"

Akasema, "Samahani, mwalimu." Hajawahi kuniita mwalimu.

Ni jambo dogo tu, tumeshalisahau. Jumapili alirudi kazini, akaninong'oneza maneno matamu mlangoni, nami nikamsindikiza kwa macho mpaka kona. Nimelitaja kwa sababu karatasi ilikuwa na nafasi.

Sasa sikia. Usiponiletea noti, nitapiga kama ilivyo. Uliandika nisisahau kuhesabu kimya, nami nimeelewa: vipimo vinane, mapigo manne kila kimoja, jumla mapigo thelathini na mawili ya kimya. Kama nimekosea nijibu upesi. Usipojibu nitajua nimepatia.

Nukta


30 Juni

Mjomba,

Shikamoo.

Hukujibu, kwa hiyo nilipatia. Jana nimepiga wimbo wako mbele ya watu mia tatu. Kurasa mbili na nusu za kwanza zilikwenda vizuri mno, niliona hata mkuu wa chuo anafumba macho. Kisha nikafika. Nikaweka mikono mapajani, nikaanza kuhesabu.

Kwenye pigo la tisa watu walipiga makofi. Mimi nikaendelea kuhesabu. Kwenye la kumi na tano mkuu wa chuo alisimama, akaja na maua, akasimama pembeni yangu akitabasamu. Nikatikisa kichwa bila kumtazama, maana ningepoteza hesabu. Makofi yakafa moja moja. Mtu akauliza, tena kwa sauti, "Ameugua?" Wazazi wengine walikwishasimama kutafuta watoto wao wa kupiga nao picha. Thelathini, thelathini na moja, thelathini na mbili. Nikapiga ukurasa wa nne, watu nusu wamekaa nusu wamesimama, mkuu ameshika maua kama mtu aliyeshikishwa mzigo wa mwenzake. Mwisho hakuna aliyepiga makofi, kwa sababu hakuna aliyeamini kwamba sasa kweli umekwisha.

Mama Funguo alikuja kufunga madirisha, akanikuta bado nimekaa. Hakunitania. Afadhali angenitania.

Cheche alikuwa ameahidi kuja. Kiti chake mstari wa mbele nilikiwekea shali yangu ili kisichukuliwe, na shali ndiyo iliyosikiliza. Ametuma salamu kupitia dereva wa basi kwamba kazi imebana. Simlaumu hata kidogo. Ninampenda kuliko nilivyompenda Februari.

Lakini wewe, Mjomba! Nilipiga kilichoandikwa. Nilifanya kila ulichonifundisha, nikawa kichekesho cha chuo. Sasa niambie kweli: vile vipimo vilikuwa vya nini?

Nukta


15 Julai

Nukta mwanangu,

Marahaba. Barua zako zote nimezipata, ile ya Mei pia. Nilikaa nazo. Sina udhuru.

Kwanza nikiri kwamba nilicheka. Nilipofika pale kwenye mkuu wa chuo na maua nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Kisha nikaona kwamba katika dunia nzima hakuna mtu mwingine ambaye angehesabu mpaka thelathini na mbili, na aliyemfundisha kuhesabu hivyo ni mimi. Kicheko kikaniishia.

Kimya kina alama yake, Nukta. Nilikufundisha ukiwa na miaka minane, kofia ndogo iliyopinduliwa, inayoning'inia chini ya mstari. Kwenye vile vipimo sikuweka alama hiyo. Sikuandika kimya. Sikuandika kitu.

Nitakueleza mara moja tu, usiniulize tena.

Shangazi yako alikuwa akiimba kwa kuguna jikoni, wimbo wowote niliokuwa nikiufanyia mazoezi, na aliuguna atakavyo. Aliongeza, alipunguza, alivuta pumzi mahali ambapo hakuna mtu anayevuta pumzi. Nami nikiwa chumba cha piano nilikuwa namsahihisha, kila siku, kwa miaka. Mwishoni akaacha. Sikujua ni mwaka gani aliacha, hata hilo sikulisikia. Baada ya mazishi niliifunika piano kwa kanga yake na sijaifunua. Kurasa zako niliziandika mezani, bila piano, nikitaka pale katikati niweke alivyokuwa akiguna. Niliandika na kufuta mara nyingi kuliko unavyodhani. Kila nilichoandika kilikuwa cha mtu niliyewahi kumnakili. Chake hakikuja. Miaka yote ile masikio yangu yalikamata makosa tu. Kilichobaki yalikiacha kipite.

Wewe ulikaa naye jikoni. Nilidhani vidole vyako vikifika pale patupu vitakumbuka vyenyewe. Sikuweza kukuomba, maana ningelazimika kukueleza sababu.

Kama unakumbuka chochote, hata noti nne, niandikie.

Mjomba wako


12 Agosti

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Mama anakusalimu, anasema mlango wake uko wazi kuanzia asubuhi. Mimi mzima. Barua yako nimetembea nayo mwezi mzima kwenye mkoba, na kila nilipotaka kujibu nilikuta nina nguo za kufua.

Sikumbuki, Mjomba.

Nimekaa kwenye piano nimefumba macho, nimekwenda mpaka jikoni kwetu, nimekaa kwenye kigoda. Moshi upo, viazi vipo, mikono yake ipo. Sauti haipo. Na nitakuambia kilichopo badala yake, maana wewe umeniambia lako. Nilikuwa na miaka kama kumi. Alikuwa anaguna, nami nikasimama juu ya kigoda, nikapaza sauti kama yako: "Sivyo!" Akageuka akanitazama, akacheka kidogo, akasema, "Hata wewe?" Baada ya hapo alikuwa anaguna akiwa nje tu, anapoanika nguo. Nilikuwa upande wako, Mjomba. Ule mwaka usioujua, nadhani ni huo.

Nimelia mpaka fundi viatu ameacha kugonga.

Wiki iliyopita Cheche alikuja. Bado ni mzuri, Mjomba, bado nikisikia hatua zake kwenye ngazi moyo unanitangulia mlangoni. Alikuwa ananyoa ndevu kwenye kioo, na chumba kiko kimya kabisa, ndipo nikagundua kwamba tangu Mei sijasikia mluzi.

"Mbona kimya?" nilimuuliza.

Akasema kwa upole kabisa, bila kinyongo, "Nisije nikaharibu."

Ungekuwepo ungeniona nilivyokaa chini. Nilimshika mkono nikamvuta mpaka chuoni, shavu moja lina povu. Nikapiga wimbo wako. Nilipofika kwenye vipimo vitupu niliinua mikono nikamtazama nikimwomba aingie. Akatikisa kichwa. Sasa ningefanya nini, nihesabu tena? Nikaingia mwenyewe. Ilikuwa vibaya! Niligonga noti moja mara tano kama mtu anayebisha hodi nyumba isiyo na watu. Mkono wa kushoto ulipotea kabisa. Nilipanda, nikakosa pa kukanyaga, nikateremka, nikafika ukurasa wa nne nikiwa nimechelewa na jasho linanitoka. Mama Funguo aliyekuwa anapanga viti akasema, "Haya, sasa tunajua kuna mtu ndani." Cheche hakupiga mluzi. Lakini kiatu chake kilikuwa kinapiga sakafu, nilikisikia. Amesharudi darajani. Bado sijui kama mluzi utarudi. Nimemwomba msamaha kwa mdomo, na kwa barua pia, barua ndefu kuliko hii na yenye maneno ambayo wewe huwezi kuyasoma. Nasubiri.

Sitakutumia nilichopiga. Si kwamba nakunyima. Jumanne nilipiga kingine, na leo kingine kabisa, na nikikaa kuandika kimoja nitaanza kukisahihisha. Noti za Shangazi hazipo kwako wala kwangu. Tulizizima wote wawili, na hakuna karatasi itakayozirudisha. Nimeona nikuambie hivi hivi kuliko nikutungie uongo wa vipimo vinane ukaukubali.

Ila piano unayo. Iondolee hiyo kanga, uikunje vizuri.

Akupendaye,
Nukta


20 Septemba

Nukta mwanangu,

Marahaba. Msalimu mumeo, nimefurahi kusikia habari za kiatu chake.

Nimekwenda kwa mama yako. Safari hii nilifika kweli. Tulikunywa chai, akanisema kwa saa nzima.

Jibu lako nililisoma nikalirudisha kwenye bahasha. Ulifanya vizuri kuniambia. Hilo la kigoda usilibebe. Mtoto huimba anachosikia ndani ya nyumba, na aliyekuwa akipaza sauti ndani ya nyumba ni mimi.

Jumamosi asubuhi nilifunua piano. Imeshuka sauti, na funguo mbili za chini hazipandi tena. Nilipiga zile kurasa tangu mwanzo. Nilipofika kwenye vipimo vinane nilisimama, kisha nikaingia. Siwezi kukueleza kilikuwa nini. Hakikuwa chake. Kilikuwa na makosa mengi, na mara mbili nilijikuta nimegeuka kuelekea mlango wa jikoni, kama mtu anayetazama atasemwa nini.

Nilipiga hadi mwisho. Hakuna aliyenisahihisha.

Mjomba wako